Kama muundi unauma sehemu moja, kesho usitoke kukimbia

Nilikuwa napita kusoma tu, sikuwa na mpango wa kuandika. Halafu nakuta mleta uzi anasema amekaa ofisini miaka bila mazoezi yoyote, kalipia programu ya siku 30 ya kukimbia kilomita 5 kila siku, yuko siku ya tisa, na "mguu unauma kidogo kwa mbele lakini nitakaza". Maswali yake: asubuhi au jioni ipi bora, viatu vya aina gani, ale nini kabla, na afanye nini hamasa isipotee. Na waliojibu juu yangu wanampigia makofi! "Kaza mkuu." "Hayo maumivu ndiyo dalili mwili unabadilika." Wakuu, mnamtakia mema kweli au mnakitaka kiti chake cha ofisini?

Mleta uzi, hayo maswali yako manne yasubiri. Kaa kitako, vua soksi, shika huo mguu. Pitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, anzia juu kidogo ya kifundo upande kuelekea goti. Kama maumivu yametapakaa, yaani eneo refu lote linalalamika ukilibonyeza, mara nyingi hapo ni misuli na ule utando wa juu ya mfupa umechokozwa. Bado unatakiwa kupumzika, ila si mwisho wa dunia. Lakini kama kidole kinafika mahali pamoja, padogo, ukubwa wa sarafu, ukipagusa tu unaruka, basi mbio zimeishia hapo na safari inayofuata ni ya hospitali. Kama panauma hata ukiwa umelala usiku, usingoje hata wikiendi iishe. Na usijipime kwa kurukaruka kwa mguu huohuo eti uone kama utahimili. Kuna mtu alifanya hivyo, na ndiye anayekuandikia.

Mimi sarafu yangu niliipata kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la mtu anayejiita kocha, ana misuli mpaka shingoni na ujumbe wa sauti wa alfajiri kila siku. Kila jioni admini alikuwa anabandika orodha ya majina: aliyekimbia tiki ya kijani, ambaye hakukimbia X nyekundu. Mtu mzima, nina watoto, bili nalipa, nikawa naogopa X nyekundu kuliko ninavyomwogopa bosi.

Mguu ulipoanza nilimwandikia. Nikaeleza vizuri tu, kwamba panauma mahali pamoja, hatua za mwanzo ni kali, halafu nikipata joto panatulia, nikirudi nyumbani panaanza upya. Mtu anayejua kazi yake angeshtuka hapo hapo. Yeye akajibu kwa sauti, kundini, wote wasikie: "Maumivu ni udhaifu unaoutoka mwili." Nikaona nimepewa hekima ya karne. Niliiweka stetasi, jamani. Na emoji ya moto.

Sasa sikiliza sehemu iliyonigharimu zaidi, maana ndiyo hiyo naona unaisogelea. Nilianza kumeza dawa za maumivu kabla ya kukimbia. Mfupa unagonga kengele ya hatari, mimi nakata waya. Siku zikaenda, tiki zikaja. Kisha nikaanza kuchechemea hata kwenye kutembea, mwenzangu akanilazimisha kwenda kupiga eksirei. Eksirei ikatoka safi. Unajua nilifanya nini? Niliipiga picha nikaituma kundini kuwa ushahidi kwamba mfupa ni mzima, nikashangiliwa, na kesho yake nikakimbia. Na mbio zile niliongeza kasi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ufa wa uchovu wa mfupa, yaani ufa mdogo unaotokana na mfupa kubebeshwa mzigo uleule tena na tena, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo. Unaonekana mapema kwenye MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Kwenye eksirei ya kawaida huja kujitokeza baadaye mfupa ukishaanza kujitengeneza. Kwa hiyo picha safi na sarafu inayouma ukiibonyeza, viamini vidole vyako. Mimi niliiamini picha, na siku moja nikiwa nashuka tu ngazi, si kukimbia, mguu ukagoma kubeba. Sikuanguka kishujaa. Nilikaa kwenye ngazi watu wananiruka.

Daktari wa pili aliangalia MRI, akaniangalia mimi, akauliza, "Nani alikuwa anakufukuza?"

Magongo. Kile kiatu kirefu kigumu cha kuzuia kifundo kisicheze. Ufa mdogo ukiuwahi ni wiki sita hadi nane za kutokukimbia. Wangu nilikuwa nimeukanyaga mpaka ukakua, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa ya miezi. Kocha alipopata habari alinitoa kwenye kundi na kuandika kwamba kuna watu "hawako tayari kubadilika". Aliniondoa mtu mwenye magongo, akabaki na hela yangu! Sijawahi kumjibu. Huwa namjibu nikiwa naoga, na pale huwa nashinda.

Ngoja nikueleze kwa nini mwili unakudanganya, kwa sababu hutaniamini ukiwa na pumzi nzuri siku ya ishirini. Moyo na mapafu vinaitika haraka, ndani ya wiki chache tu unaona ngazi zimekuwa fupi. Misuli inafuata. Mifupa na kano ndiyo ya mwisho. Kila hatua ya kukimbia inashusha mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako kwenye mguu mmoja, na kilomita 5 ni hatua elfu kadhaa. Mfupa ukipata mzigo mpya unajijenga upya, ila unaanza kwa kubomoa: kuna chembechembe zinazokula sehemu ya zamani kwa wiki chache, ndipo zije nyingine kujenga, na hizo za ujenzi zinachukua miezi. Katikati hapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa umekaa ofisini. Na hapo ndipo pumzi inakwambia umekuwa mwanariadha. Programu ya kila siku bila kupumzika, kwa mtu aliyetoka kwenye kiti, inakimbiza mfupa katika wiki zake mbaya kuliko zote.

Tena hawa wa programu huwa wanaunganisha na kukata chakula. Wangu alitwambia usiku tusile kabisa, eti mafuta yachomeke. Mazoezi yamepanda, chakula kimeshuka, mwili unapunguza matumizi pale usipopaona, na mfupa ni mmojawapo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu jambo hili mwaka 2014, na lilikuwa linawahusu wanamichezo wenye madaktari wao. Dada zangu mnaosoma, hedhi ikianza kuruka miezi mkiwa kwenye programu kama hizi, msishangilie kwamba mmepumzika. Nendeni mkapimwe.

Sasa hamasa, maana umeiulizia. Hiyo siku 30 unaambiwa ukiimaliza tabia itakuwa imeshaingia damuni, sivyo? Kuna na wa siku 21. Hiyo 21 mizizi yake ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Pua, mkuu. Alikuwa anazungumzia pua, watu wakaihamishia kwenye mbio. Watafiti wa University College London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia moja ndogo kila mmoja, utafiti uliotoka 2010, wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yao yalianzia siku 18 mpaka 254. Na walikuta kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Nilisoma hilo nikiwa kitandani mguu juu ya mito. Ile X nyekundu niliyomezea dawa kuikwepa haikuwa na maana yoyote.

Kanuni yangu ni moja na sina nyingine: maliza zoezi ukiwa bado unatamani kuendelea. Si ukiwa hoi, si ukiwa umelala chini unapigwa picha. Ukifika nyumbani ujisikie ungeweza kuongeza kidogo, na usiongeze. Hiyo "kidogo" uliyoiacha ndiyo itakayokutoa kitandani keshokutwa. Nilipokuwa na kocha nilimaliza kila siku nikiwa nimechakaa, na jioni nikiviona viatu mlangoni tumbo linajikunja. Hakuna video ya kuhamasisha itakayoshinda tumbo linalojikunja. Watu wanadhani hamasa ilikwisha ndiyo wakaacha. Wengi waliitumia yote wiki ya kwanza.

Kwa vitendo, ukishapona na unatembea kwa kasi bila maumivu yoyote: siku tatu kwa wiki, na katikati siku ya kupumzika. Dakika tano za kutembea haraka, halafu sekunde 60 unakimbia taratibu, sekunde 90 unatembea, unarudia mpaka dakika 20 zipite, basi, nenda nyumbani. Sijaitunga mimi, ndivyo inavyoanza ile programu aliyoiandika Mmarekani Josh Clark mwaka 1996 kwa watu waliotoka kwenye makochi, na inachukua wiki tisa kukufikisha kilomita 5. Wiki tisa, si siku ya kwanza! Kasi yake: uweze kuongea sentensi nzima. Ukiongea neno moja moja unavuta pumzi, punguza. Utapitwa na watoto na wazee. Mimi nilipitwa na mtu anayesukuma baiskeli iliyopata pancha, akanisalimia na akasubiri niitikie.

Siku mbaya, ile ya kazi nyingi au mvua, vaa viatu, tembea dakika kumi, rudi. Hiyo imehesabika. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo. Na walishaondoa lile sharti la zamani kwamba lazima ziwe dakika kumi kumi mfululizo. Wanataka pia siku mbili za kukaza misuli. Kuchuchumaa na kusimama, kupanda kwa vidole vya miguu na kushuka, pushapu za ukutani, nyumbani kwako, bila mashine. Mashavu ya miguu, ile misuli ya nyuma ya muundi, yakiwa na nguvu muundi unapumua. Hapo napo ni vilevile, acha ukiwa na mbili tatu za ziada mfukoni.

Asubuhi au jioni: ule muda ambao hakuna mtu wa kukuomba kitu. Viatu: visibane vidole, visipwaye kisigino, vile ulivyovaa dukani ukatembea navyo ukavisahau. Nikuambie ukweli, siku naumia nilikuwa na viatu vizuri kuliko vya kocha. Viatu havikuona X nyekundu, mimi ndiye niliyeiona.

Kuna mmoja hapo juu ameandika kwamba kuumwa ni kawaida kwa anayeanza. Ndiyo, misuli kuuma pande zote mbili, kuanzia kesho yake na kuzidi siku ya pili, kisha kuisha, hiyo ni kawaida. Mapaja yakikataa kukaa chooni, cheka tu. Mguu mmoja, mfupa, mahali pamoja, na kila siku panazidi, hiyo siyo. Na mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa baada ya zoezi la kuua, wewe na misuli iliyovimba mkimbilie hospitali siku hiyohiyo, figo zako zitakuwa hatarini.

Najua umeshalipa na hela inauma. Fanya hivi: leo mwandikie mwenye programu, kwa faragha, umwambie mguu mmoja unauma mahali pamoja kwenye mfupa. Usiongeze neno. Akikutumia sauti ya kukwambia ukaze, toka kwenye kundi kabla hajakutoa. Akikuuliza panauma wapi hasa, tangu lini, na usiku je, huyo baki naye, na unitumie namba yake PM.