Usinunue hizo spika za masikioni

Mleta mada, usizinunue. Nimesoma andiko lako mara mbili, na kila nilipofika pale unaposema kwamba ukivaa spika masikioni mikono yote miwili itabaki kwenye usukani, kwa hiyo utaongea na wateja wa teksi mtandao bila wasiwasi, nilijiona mimi mwenyewe miaka michache iliyopita, nikiwa na gari la mkataba na haraka ya kumaliza deni. Umeuliza kuhusu stendi ya simu iliyo imara, spika zisizozidiwa na kelele za barabarani, faini anayotozwa dereva akikutwa na simu, na maeneo yenye wateja wengi jioni hapa Dar es Salaam. Mimi nitakujibu hilo la spika, kwa sababu ndilo litakalokuumiza.

Nilikuwa nikiendesha Toyota IST ya mtu, nikimpelekea mwenye gari hesabu ya shilingi 150,000 kila wiki. Mkongwe mmoja wa kijiwe chetu cha Mwenge alinipokea vizuri na kunifundisha mengi ya kweli, kisha akanifundisha moja la uongo: kwamba simu ni kosa ikiwa mkononi tu, na ukiivaa masikioni trafiki hana neno nawe. Kijana aliyeniuzia spika Kariakoo aliyarudia maneno hayo hayo huku akinijaribishia sikio la kushoto. Niliwaamini, nikavaa, na kwa miezi saba hakuna kilichotokea.

Siku yenyewe ilikuwa saa kumi na mbili jioni, Barabara ya Shekilango, nikitokea Bamaga. Foleni ilikuwa imeachia na mwendo wangu ulikuwa kama kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mjini, kwa hiyo usidhani nilikuwa nakimbiza gari. Mteja aliyekuwa akinisubiri Sinza alipiga na kuanza kunielekeza kama tunavyoelekezana mitaani kwetu: pita duka la dawa, usiingie kushoto ya kwanza, ingia ya pili, ukiona geti jeusi lenye mbuyu mdogo wa mapambo simama hapo. Nilikuwa nikiichora ile njia kichwani, geti kwa geti. Macho yalikuwa mbele, na mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, kama unavyotaka wewe.

Mbele yangu kulikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu, na pembeni yake daladala lilikuwa limesimama kumpisha mama aliyebeba ndoo ya maandazi kichwani. Macho yangu yalimpitia yule mama. Sina shaka yalimpitia, maana baadaye, nilipokuwa nikiandika maelezo kituoni, niliikumbuka hata rangi ya ndoo. Ilikuwa ya njano. Lakini hakuwamo akilini mwangu mpaka niliposikia kishindo. Niliposhuka, maandazi yalikuwa yametapakaa barabarani, moja limesagika chini ya tairi, na mama ameketi kwenye lami akiushika mguu uliopinda mahali pasipo na kiungo. Mteja alikuwa bado masikioni mwangu. Alikuwa akiuliza, "Haloo, umeshaliona geti?"

Askari aliyekuja kupima hakuniuliza hata mara moja kama simu ilikuwa mkononi. Aliniuliza kwa nini sikumwona mtu mzima aliyekuwa katikati ya kivuko mchana kweupe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lile somo la kijiweni halikuwa na msingi wowote. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa na simu mfukoni, na haihitaji kuitaja simu ili ikushike. Inamtaka dereva aendeshe kwa uangalifu na kwa kuwajali wengine, na ukimgonga mtu kwa sababu ya uzembe, kosa linakuwa zito bila kujali kama ulikuwa unaongea kwa mkono, kwa sikio au unasoma ujumbe. Hata Uingereza, ambako kushika simu ukiendesha kulipigwa marufuku mwaka 2003 na sheria ikakazwa tena mwaka 2022, dereva anayeongea bila kuishika simu bado anaweza kushtakiwa akishindwa kulimudu gari lake. Kwa hiyo faini unayoiulizia ni jambo dogo sana katika hesabu hii.

Kubwa ni haya. Gari lilishikiliwa kituoni likisubiri ukaguzi, na mwenye gari hakusimamisha hesabu. Bima tuliyokuwa nayo ilikuwa bima ndogo, ambayo humlipa yule uliyemuumiza lakini haigusi gari lako, kwa hiyo taa, bampa na boneti vilikuwa juu yangu. Hata hayo malipo ya majeruhi hayaji siku ile ile. Yanasubiri taarifa ya polisi, ripoti za hospitali na mafaili mengine, ilhali mguu uliovunjika hausubiri. Tulichukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, tukaenda hospitali, na kuanzia usiku ule nikawa mimi ndiye mlipaji wa picha, dawa, nauli za ndugu zake, na baadaye unga na kodi ya chumba, kwa sababu yale maandazi ndiyo yaliyokuwa yakilisha watoto watatu. Kiwanja nilichokuwa nimekilipia nusu kule Chanika nilikiuza. Yule mama amerudi kuuza, ila sasa hubeba ndoo mkononi, maana mguu haumruhusu tena kutembea na mzigo kichwani.

Nilipotulia nilitafuta kusoma, kwa sababu sikuweza kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuangalia bila kuona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa takriban mara 4 zaidi wa kupata ajali kuliko asiyeitumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa zaidi kuliko inayoshikwa. Sababu ni kwamba kinachochukuliwa ni akili. Abiria aliyekaa kando yako hunyamaza mwenyewe anapoona bodaboda imechomoka mbele yenu, lakini mtu aliye kwenye simu haoni chochote, anaendelea kukuhesabia mageti. Na kwa mwendo ule wa kilomita 50 kwa saa, gari hutembea karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili za kuitikia "ndiyo, endelea" ni kama urefu wa Coaster nne zilizopangwa kichwa kwa mkia.

Yule mkongwe bado yupo kijiweni na bado anawapa vijana wapya somo lile lile. Nilimfuata nikamweleza kilichonipata, akanijibu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nilikasirika siku ile na nimekasirika hata ninapoandika sasa. Mtu anayeheshimiwa kwa miaka yake barabarani hana haki ya kumwambia mgeni jambo ambalo hakuwahi kulichunguza, kisha mguu wa mtu mwingine uliovunjika akauita bahati mbaya.

Kanuni yangu sasa ni moja, mdogo wangu, na naomba uichukue kama ilivyo: gari likitembea, simu haipokelewi, iwe kwa mkono, kwa spika wala kwa sikio. Ramani naiweka kabla sijaondoa gari. Nikishakubali safari namwandikia mteja papo hapo, gari likiwa limesimama, kwamba ninakuja na kwamba sitaweza kupokea simu njiani. Akipiga, naacha iite. Akirudia, naingia kituo cha mafuta au sehemu yoyote ya kuegesha, nasimama kabisa, ndipo nampigia. Wapo wanaofuta safari kwa hasira, na jioni moja nilipoteza safari mbili mfululizo kwa sababu hiyo. Wengi husubiri, na wazee na akina mama wenye watoto hunishukuru wakishapanda.

Stendi nunua, kwa ajili ya ramani tu, na uifunge chini ili isikuzibie kioo. Hizo spika, kama umeshazilipia, zirudishe Kariakoo kabla hujakabidhiwa ufunguo wa gari.