Shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu halitaimeza Dunia

Je, shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu litaimeza Dunia? Hapana, halitatumeza. Shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata nuru haitoki ndani yake, halizunguki angani likifyonza kila kitu. Ukiwa mbali nalo, mvutano wake ni sawa na wa nyota au kitu kingine chochote chenye masi (wingi wa maada) ileile. Hata Jua likibadilishwa leo na shimo jeusi la masi hiyohiyo (lingekuwa na nusu kipenyo cha kilomita 3 tu!), Dunia ingeendelea kuzunguka palepale, ila kwenye giza na baridi kali.

La katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, liitwalo Sagittarius A*, lina masi kama ya Majua milioni 4, na liko umbali wa miaka ya nuru kama 26,000. Tunajua hivyo kwa sababu timu za wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez zilifuatilia kwa miaka mingi nyota zinazolizunguka. Mojawapo, S2, humaliza mzunguko kwa miaka 16 hivi, inapita karibu kabisa na haijamezwa. Kazi hiyo iliwapa Genzel na Ghez Nobel ya fizikia mwaka 2020, na picha ya shimo lenyewe ikatolewa Mei 2022.

Hatari ipo kwa nyota inayosogea karibu kupita kiasi, hiyo huraruliwa kweli. Sisi hatumo.

Julai na Agosti usiku, ukiwa mbali na taa za mji, tafuta kundinyota la Mshale (Sagittarius), wazee wetu wa bahari waliliita Kausi. Upande huo ndiko liliko shimo hilo. Inafaa sana kwenda kuangalia.