Mama Tiketi Ajibu: Mashine Ipi Ndiyo Nambari Moja?

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilifanya kazi miaka 19 katika bustani moja ya michezo hapa Nairobi, sita ndani ya kibanda cha tiketi na iliyobaki kwenye mitambo. Shule zimefunga, na barua za mwezi huu karibu zote zauliza jambo moja: ipi ya kupanda kati ya zile za bustanini, kama gurudumu kubwa linalobeba watu juu, na rola kosta, lile gari la relini linalopanda kilele na kuteremka mbio. Sisi tuliokuwa kazini hatukuziita bembea wala michezo. Tuliziita mashine, na ndivyo nitakavyoziita hapa.

*

*Shikamoo Mama Tiketi. Mimi na kakangu mkubwa hatuelewani. Yeye ashikilia kwamba rola kosta ndiyo mashine bora kuliko zote, mimi nasema ni gurudumu kubwa. Tuna watoto wanne kwa jumla na pesa si nyingi, kwa hiyo hatuwezi kupanda kila kitu. Tupangie kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na uamuzi wako tutaukubali.*
*Baba Wawili, Kayole*

Marahaba, mwanangu. Nyote wawili mmekosa.

Kibanda changu kilikuwa na tundu la kupitisha mkono tu. Sura za wateja sikuziona vizuri, nilijua mikono. Na mikono ilinifundisha kwamba tiketi ya kwanza haisemi chochote. Tiketi ya kwanza hununuliwa na macho: mtu ameliona gurudumu tangu akiwa ndani ya matatu, ashuke asipande vipi? Ya pili ndiyo hununuliwa na tumbo. Nilipoona mkono uleule umerudi, wenye saa ileile ama bangili ileile, kabla hata sijamaliza kumrudishia mtu mwingine chenji, mashine hiyo niliiwekea alama moyoni. Hicho ndicho kipimo changu, na sijapata kingine kilicho cha haki zaidi.

Kwa kipimo hicho, nambari moja ni jahazi. Wala halikaribiwi.

Jahazi ni pembea kubwa yenye umbo la chombo cha baharini, basi. Chini ya tumbo lake kuna tairi la mpira linalozunguka. Kila jahazi linapopita, tairi hulisukuma kidogo, na kidogo juu ya kidogo likafika juu. Tairi hilohilo ndilo huwa breki. Likifika kileleni linasimama kufumba na kufumbua kabla ya kurudi, na hapo makalio yanaachana na kiti. Hutupwi wala huvutwi, unaelea tu. Mtu akishuka hawezi kueleza kilichompata, kwa hiyo anarudi dirishani kwenda kukitafuta tena.

Halafu kuna jambo ambalo rola kosta haiwezi kukupa: viti vya jahazi vinatazamana. Nusu ya abiria wako mbele ya macho yako, midomo wazi. Nimeona wake watatu wa ndugu, waliokuja wamenuniana tangu getini, wakishuka wameshikana mikono kwa sababu kila mmoja amemwona mwenzake akimwita mamake.

La pili, magari ya kugongana. Yale ya zamani yana mlingoti mgongoni unaogusa wavu wa dari. Umeme unashukia hapo na kurudi kupitia sakafu ya chuma, ndiyo maana huona cheche na kusikia ile harufu kama ya pasi iliyosahauliwa. Hapa mtoto humgonga babake bila kuchapwa, na hilo peke yake linauza tiketi tatu. Siku moja alikuja dereva wa matatu na sare yake ya samawati, nikasema leo tutakoma. Akaendesha dakika zote akipisha watu, mkono mmoja nje ukiomba njia. Mwanawe alikuwa karibu kulia kwa aibu.

La tatu ni gurudumu lako, Baba Wawili. Usinune. Gurudumu ni zuri, lakini uzuri wake ni wa mara moja kwa mwaka. Lile la kituo cha maduka cha Two Rivers, pale Limuru Road, lina urefu wa mita 60 hivi. Jengo la mikutano la KICC, katikati ya jiji, lina mita 105, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe umefika orofa ya ngapi. Wapeleke jioni, kuanzia saa kumi na moja, jua likiwa limelala upande. Saa sita mchana utaona mabati yanayokuchoma macho tu.

Rola kosta ya kakako naiweka ya nne, na nasema hivyo nikizungumzia nilizoziona nchini mwetu. Ni fupi. Unaanza kuogopa, imefika. Kwingineko duniani ningeipandisha hadi juu, lakini nyinyi mnatoka Kayole, hamtoki kwingineko.

Ya mwisho kabisa ni vile vikombe vinavyozunguka huku sahani yake nayo ikizunguka. Mimi ndiye niliyekuwa napiga deki.

Farasi wa kuzunguka sikuwapanga kwa sababu ni wa watoto wadogo na wa picha. (Na ukisema merigoraundi mbele ya wanawake wa Nairobi, watadhani ni chama cha kuchangiana pesa na watauliza zamu ni ya nani.)

Kwa hiyo: kila mtoto jahazi mara moja, magari mara mbili. Gurudumu wapande wote pamoja mwisho. Wewe na kakako tupeni shilingi muone nani atabaki chini na mikoba.

*

*Mama Tiketi, ni wapi pa kukaa? Marafiki zangu wanasema mbele ndiko kunakoogopesha.*
*Msichana wa Rongai*

Kwenye jahazi, ncha mbili za mwisho ndizo hupanda juu zaidi. Katikati, chini ya mhimili, unatikiswa tu kama uko kwenye kochi. Mgeni mwanzishe katikati, kisha umsogeze safu mbili mbili.

Rola kosta ni hadithi nyingine. Gari lenyewe halina injini. Mnyororo hulivuta hadi juu, na ile *ka-ka-ka* unayosikia ni kidole cha chuma kinachoangukia kwenye meno ya reli ili gari lisirudi nyuma hata mnyororo ukikatika. Watu huogopa sauti ile, na ndiyo sauti niliyoipenda kuliko zote, ningeshtuka ikinyamaza. Kutoka kileleni ni uzito wa gari wenyewe unaofanya kazi. Sasa fikiria: behewa la mbele likivuka kilele, mengine yote bado yako nyuma yanapanda, kwa hiyo linavuka polepole, linaning'inia. Behewa la nyuma likifika pale, walio mbele tayari wanateremka mbio na wanalivuta. Linanyakuliwa. Kwa hiyo mbele ni kwa anayetaka kuona, nyuma ni kwa anayetaka kuhisi. Marafiki zako wanaogopa kwa macho.

*

*Mwanangu, wajukuu wanataka kunipandisha gurudumu mwezi huu. Juzi nilisimama pale nikaona linasimama, linaondoka, linasimama tena, watu wako juu wananing'inia. Je, ni bovu? Mimi nina miaka 71 na magoti si yangu.*
*Shosho, Githurai*

Shosho, si bovu. Linasimama ili watu waingie na kushuka. Hata lile la kwanza kabisa, ambalo George Ferris alilisimamisha Chicago mwaka 1893, lilikuwa na vyumba 36, kila kimoja cha kubeba watu 60, na safari ilikuwa mizunguko miwili: ule wa kwanza wa kusimamasimama mara sita, wa pili ndio wa moja kwa moja.

Tena utaona hatujazi vyumba kwa kufuatana. Tunajaza hiki, tunaruka, tunajaza cha upande wa pili. Ukijaza upande mmoja, gurudumu linakuwa kama mzani wa muuza nyama ulioelemewa, na mota na breki zote zinaumia. Ukiambiwa na kijana wa mashine "subiri kidogo, Shosho, chumba kinachokuja si chako," usidhani amekudharau. Anasawazisha mzani.

Nisikufiche lakini. Stima ilitupotea mara moja, Jumapili ya Desemba, watu wakiwa juu. Jenereta ilikataa mara mbili. Niliwapigia kelele kutoka chini kwamba mlango usifunguliwe na mtu yeyote, na mama mmoja aliye juu kabisa akaanza kuimba nyimbo za kanisa. Mpaka jenereta iwake vyumba vyote vilikuwa vimeingia kwaya. Dakika tisa. Walishuka wakidai kurudishiwa pesa, wakarudishiwa, na wawili kati yao walinunua tena.

Nenda, lakini nenda asubuhi siku ya kazi, kabla ya foleni. Mwambie mwendeshaji kabla hujafika mlangoni kwamba unahitaji lisimame kabisa ndipo upande. Kuna wanaopenda kupakia likitambaa polepole. Akikataa kusimamisha, rudi nyumbani na pesa zako. Na muulize kama asubuhi ameizungusha tupu. Sisi tulizungusha kila mashine bila mtu kabla ya kufungua geti, tukisikiliza. Mwendeshaji mzuri haangalii simu yake, mkono wake uko karibu na kile kitufe chekundu. Tazama mkono huo kuliko unavyotazama chuma.

*

*Mama T, mpwa wangu anafanya kazi Dubai na amenialika. Nitapata siku moja tu ya starehe. Nipande ipi?*
*Fundi wa Umoja*

Toka Dubai, nenda Abu Dhabi. Ni mwendo wa gari wa saa moja na ushee. Pale kisiwa cha Yas, ndani ya bustani ya michezo ya Ferrari World, kuna rola kosta iitwayo Formula Rossa, iliyofunguliwa mwaka 2010. Haivutwi na mnyororo. Inarushwa kama manati, na sekunde 5 hivi baadaye uko kwenye kilomita 240 kwa saa. Abiria huvalishwa miwani, kwa sababu kwa mwendo huo hata mdudu ni jiwe.

Sijaipanda. Nimeitazama kwenye simu ya binti yangu mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Wewe fundi ukiwa pale angalia magurudumu yake ukipata nafasi: utayaona juu ya reli, ubavuni, na mengine chini ya reli yakiikumbatia. Hayo ya chini ndiyo yanayozuia gari kuruka nje, na bila hayo mambo yote haya yasingewezekana. Rola kosta iliyoanzisha biashara hii kule Coney Island, New York, mwaka 1884, ilikwenda kilomita 10 hivi kwa saa. Boda ya Umoja ingeipita ikiwa imebeba kitanda. Na watu walipanga foleni kwa senti 5 zao.

Ukirudi niandikie kama ulinunua tiketi ya pili.

*

*Nikipanda chochote natapika. Nifanyeje?*
*Bila jina, South B*

Usipande vikombe. Sikio lako la ndani linasema unazunguka, macho yako yameganda kwenye uso wa mwenzako ndani ya kikombe yanasema umetulia, na tumbo ndilo linalolipia ugomvi huo. Tazama kitu kilicho mbali, kisichosonga. Usiangalie simu. Kula mkate mkavu au ndizi saa moja kabla; tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojaa chipsi na soda. Kuna wanaosaidiwa na tangawizi. Na kaa katikati ya jahazi, siyo nchani, wala usikae mkabala wangu.

*

*Wewe mwenyewe ulikuwa ukipanda? Ama ulikuwa ukituuzia tu?*
*Msomaji wa Buruburu*

Miaka mingi nilikuwa nikiuza tu. Mtu wa hoteli hali pale pale hotelini. Siku yangu ya mwisho kazini vijana walinifunga kwenye jahazi kwa nguvu, safu ya mwisho kabisa, nikiwa na aproni. Mara ya tatu kileleni kiatu cha kushoto kilinitoka, nikakiona kikipita mbele ya nyuso za wale wa upande wa pili, kimetulia kabisa hewani, kisha kikaenda zake. Nilirudi nyumbani hadi Kariobangi na champali ya kuazima.

Kilipatikana Jumanne, juu ya bati la kibanda changu cha tiketi.