Usikariri flagi, iulize laibrari yenyewe

Mkuu, umeuliza kwa nini programu yako ya C inayotumia SQLite (hifadhidata ndogo) inagoma kujengwa kwenye Ubuntu; hilo kosa la `undefined reference to 'sqlite3_open'` nalijua, mimi lilininyima usingizi siku mbili, na dawa yake ni `pkg-config`. Waliokuambia usakinishe SQLite upya wanakumalizia bando tu.

Nilikuwa naandika kiprogramu cha C cha kusoma mzani wa dagaa mwaloni Kirumba. Mzani unatuma kilo kwa waya wa USB, kompyuta inaziandika kwenye SQLite. Laibrari (kodi iliyokwisha andikwa na wengine) mbili tu, sqlite3 na libserialport ya kusoma waya. Mwenye mzigo ananipigia kila saa, na mimi nabandika flagi, yaani maelekezo ya ziada kwenye amri, kama `-lsqlite`, `-L/usr/lib`, chochote nilichookota mtandaoni.

Ungeambiwa `sqlite3.h: No such file or directory`, hapo kompaila, inayotafsiri kodi yako, ingekuwa imekosa heda (faili linalotaja funksheni za laibrari), na kwenye Ubuntu dawa yake ni `sudo apt install libsqlite3-dev`. Wewe umeshavuka hapo. Kosa lako ni la linka, inayounganisha kodi yako na laibrari: heda imesema kuna funksheni inaitwa sqlite3_open, linka imeitafuta haikuiona.

Na amri yako uliyoweka ni hii:

`gcc -lsqlite3 main.c -o main`

Linka inasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Inafika kwenye `-lsqlite3` wakati hakuna aliyeihitaji bado, na linka ya Ubuntu imepangwa kuacha laibrari isiyo na mwenyewe. Ni kama kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, kikishang'oa nanga hakirudi kwa sababu yako. Main.c inakuja na mahitaji yake, laibrari imeshapitwa. Ndiyo maana amri hiyohiyo kwa mwenzako ambaye linka yake haikupangwa hivyo inaweza kupita bila shida, ukaanza kujiona umerogwa.

Andika hivi:

`gcc main.c -o main $(pkg-config --cflags --libs sqlite3)`

Hiyo pkg-config inasoma faili la `.pc` lililokuja na kifurushi cha `-dev`, inakupa `-I` (folda ya heda), `-L` (folda ya laibrari) na `-l` (jina la laibrari) zinazotakiwa. Usishtuke ikikujibu `-lsqlite3` peke yake. Heda ziko mahali pa kawaida, hakuna cha kuongeza.

Kinachosumbua ni majina ya kuipa pkg-config. Sqlite3 haianzi na "lib", libserialport na libcurl zinaanza nalo, GTK ya 3 (laibrari ya kuchora madirisha) nayo ni kituko: `gtk+-3.0`. Mimi nilikesha na `serialport` tupu mpaka nilipopiga `pkg-config --list-all | grep -i serial`, jina likajileta lenyewe.

Kama laibrari uliikompaili mwenyewe ukaiweka folda ya pembeni, elekeza `PKG_CONFIG_PATH` kwenye folda yenye `.pc` yake. Programu ikishajengwa halafu ikagoma kuwaka kwa `cannot open shared object file`, hiyo ni kesi nyingine: laibrari ikiwa /usr/local/lib, jaribu `sudo ldconfig` kwanza.

Bado ikigoma, weka hapa amri nzima na kosa lote kwa maandishi. Ile picha yako ya skrini nimeikuza mpaka macho yameuma.