Msomee Mtoto Picha Kabla ya Maneno

Katika miaka yote ambayo nimekuwa nikiwasomea watoto wadogo vitabu vya picha, jambo moja limenithibitikia kuliko mengine: mtoto hueleza hisia za mhusika aliyechorwa kwa uwazi kuliko anavyoeleza zake mwenyewe. Ukimuuliza mtoto wa miaka mitatu au minne kwa nini amenuna, mara nyingi atainamisha kichwa na kujibu "sijui", na husema kweli, kwa kuwa bado hana maneno ya kueleza kinachomsumbua. Mwoneshe sungura aliyesimama pembeni huku wenzake wakicheza, kisha muulize sungura huyo ana nini, nawe utasikia mengi.

Kwa hiyo nashauri usiyakimbilie maandishi. Fungua ukurasa, nyamaza, mwache mtoto aitazame picha. Mchoraji hodari huweka hisia mahali ambapo mwandishi hakusema kitu: masikio yaliyolala, mabega yaliyoshuka, rangi zinazofifia kadiri huzuni inavyozidi. Mtoto asiyejua kusoma huyaona hayo mapema kuliko mtu mzima. Binti mmoja wa miaka minne niliyekuwa nikimsomea alipofika kwenye ukurasa wa sungura kama huyo, aliufunika uso wake kwa kiganja na kusema, "Hataki waone analia." Pichani hapakuwa na chozi, wala maandishi hayakutaja kilio. Sikumuuliza kama yeye naye hujificha ili alie. Nilisema tu, "Labda anaona aibu," tukaendelea kuutazama ukurasa ule, na punde akaanza mwenyewe kunisimulia jinsi alivyokataliwa mchezoni.

Naliona hili kuwa kiini cha shughuli nzima. Mtoto akihisi kwamba hadithi imegeuzwa kuwa njia ya kumhoji, hufunga mdomo. Akiachwa abaki na mhusika wake, huja mwenyewe kwa wakati wake. Vivyo hivyo, jizuie kuhitimisha kila ukurasa kwa onyo la "unaona, kupigana ni vibaya", kwa sababu mtoto anayetafuta jibu la kukufurahisha huacha kusema anachokiona.

Maswali yenyewe yawe ya wazi, yaani yasiyojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" tu. Utafiti wa mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1988, ulionesha kwamba watoto wa miaka miwili hivi ambao wazazi wao waliuliza maswali ya wazi wakati wa kusoma, kisha wakayapanua majibu yao, walipiga hatua kubwa zaidi ya lugha kuliko waliosomewa kwa namna ya kawaida. Utafiti huo ulihusu lugha, lakini hisia nazo zinahitaji lugha. Mtoto akisema "amekasirika", unaweza kuongeza, "Naam, amekasirika, na pengine anaona wivu kwa kuwa mdogo wake ndiye aliyepakatwa." Furaha, huzuni, hasira na hofu watoto huzitambua mapema; wivu, aibu, fahari na majuto huchelewa, na vitabu huzipa nafasi ya kutazamwa bila haraka. Uzihusishe pia na mwili: ngumi zilizokunjwa, moyo unaokwenda mbio, donge lililokaba koo. Dalili hizo ndizo mtoto atakazozitambua kwanza hasira itakapompanda yeye mwenyewe.

Akikuomba kitabu kilekile kila jioni, msomee. Kujua kitakachotokea humpa ujasiri wa kuukaribia ukurasa unaomtisha, na akitaka ukurasa huo urukwe, uruke bila kumbembeleza. Saa nayo ina uzito wake: mtoto anayelia au kugaagaa kwa hasira hahitaji kitabu, anahitaji mtu wa kukaa naye hadi atulie, na hadithi inayohusu hasira inaweza kungoja hata siku ya pili.