Kabla Hujamhukumu Rubani

Video ya ndege ya majini ikipinduka wakati wa kutua ikizunguka kwenye simu, hapa Lamu hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: rubani mzembe. Wanangu mnaoanza kazi ya uchunguzi wa ajali, kauli hiyo iacheni barazani. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa.

Anzeni na maji. Wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, mlango wa bahari kati yetu na Manda hulala asubuhi kama kioo. Nahodha hufurahi. Rubani macho yake hukosa pa kushika, hajui yuko futi 50 juu ya maji au 5. Ndiyo maana hafundishwi kukisia. Hufundishwa kutua sambamba na ufuo, ainue pua ya ndege kidogo, aache injini ivute, ashuke polepole, kama futi 150 kwa dakika, hadi maboya ya chini ya ndege yaguse maji. Basi msiulize mbona hakuyaona maji. Ulizeni alichagua kutua wapi, na alianza kujipanga lini. Aliyepiga video alisimama gatini, ana mashua na nguzo za kulinganishia. Rubani hakuwa navyo.

Magurudumu hayana maelezo marefu. Ndege ya majini yenye magurudumu pia, iliyoruka kutoka uwanja wa nchi kavu ikagusa maji magurudumu yakiwa chini, mara nyingi hupinduka. Chunguzeni nani au nini kilimkatiza alipokuwa akisoma orodha yake ya ukaguzi.

Wala msiishie kwenye usukani. Tarehe 31 Desemba 2017, ndege ya majini aina ya Beaver ilianguka kaskazini ya Sydney, Australia, wakafa wote 6. Rubani mzoefu aliingia kwenye hori lenye vilima pande zote, na sababu haikueleweka. Baadaye damu ilipopimwa ikakutwa na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa injini: ekzosi ilikuwa na ufa, na bolti zilikosekana kwenye ukuta unaotenga injini na watu. Ripoti ya mwisho ilitoka 2021. Aliyekwisha kuandika "uzembe" angelifutaje neno hilo?

Rasimu zenu zikinifikia, nitatafuta kwanza upepo, maji kujaa au kupwa, jua lilikuwa upande gani, na rubani alijua nini dakika chache kabla. Kila "angepaswa" nitaikata kwa wino mwekundu, mpaka mnioneshe angejuaje.