Kabla ya bei ya IVF, ulizia kwanza mumeo atapimiwa wapi (uzoefu wangu Dodoma)

Mleta uzi pole sana mdogo wangu. Nimesoma ulichoandika mara mbili nikaona nisipojibu usiku huu silali.

Kwa wanaoingia sasa hivi: dada yuko Kibaigwa, ana miaka 32, ndoa ina mwaka wa nne na mtoto hajapatikana, ametibiwa UTI sugu na chango mara tano, mume hajawahi kupimwa hata kitu kimoja, halafu mwezi uliopita daktari kamwambia aende Dar akapandikize mimba (ndio hiyo IVF, mayai yanatolewa, yanakutanishwa na mbegu maabara, halafu unarudishiwa tumboni). Anauliza hii huduma ni ya wenye hela tu au na sisi wa huku tuna pa kudai. Na kuna mdau hapo juu kaandika kwamba uzazi sio ugonjwa, serikali ihangaike na malaria kwanza. Huyo nitamfikia.

Mimi nauza nafaka soko la Majengo hapa Dodoma, nina miaka 41. Nilianza kutafuta mtoto nikiwa na 29. Vipimo kamili, yaani vyangu na vya mume wangu vikasomwa pamoja na daktari mmoja, vilikuja kukamilika nikiwa na 36. Miaka saba mdogo wangu! Na hiyo miaka saba haikuliwa na IVF maana huko sikufika kabisa, imeliwa na mambo madogo madogo ambayo yangeweza kuisha ndani ya miezi mitatu kama kuna mtu angenipangia tangu mwanzo.

Ilikuwa hivi. Naenda hospitali, nafunguliwa faili, ultrasaundi, mkojo, dawa za siku saba, rudi mwezi ujao. Mwezi ujao namkuta daktari mwingine, tunaanza upya ultrasaundi mkojo dawa. Nikichoka nahamia kituo kingine na huko nako wanaanza sifuri kwa sababu majibu yangu ya kule hayajanifuata. Katikati hapo nikanunua chupa za kuzibua mirija, 60,000 chupa moja, nimekunywa chupa nne, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amewahi kupiga picha kujua kama hiyo mirija imeziba kweli. Na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza swali moja tu, mumeo yuko wapi?

Nyumbani nako ndio hivyo. Mama mkwe alikuwa akija kutoka Mvumi na kuku wake na unga wa uwele, anakaa, anakunywa chai, halafu anamwambia mwanae mimi nikiwa pale pale jikoni nasikia, "ng'ombe tuliowatoa kule wameshazaa mara tatu". Basi hapo ugali unakushinda kusonga. Lakini simlaumu sana mama yule, na yeye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwanaume naye anapimwa.

Sasa nikueleze siku mume wangu alipokubali, maana hapa ndipo nataka uelewe kabla hujafikiria hizo milioni za Dar. Nilimwomba mpaka akafunga karakana yake ya kuchomelea kule Kizota tukaenda wote. Kufika maabara, kijana wa pale dirishani akampa kikopo, foleni nzima inasikia, akasema "shahawa, choo kile pale". Choo chenyewe ni kile kile wanachotumia wagonjwa wote wa nje, mlango hauna komeo, unaushikilia kwa mguu. Mimi nimesimama nje nimeshika mkoba wake, mtoto wa watu analia pembeni, mara mzee mmoja anagonga mlango, "we umelala humo?" Mume wangu akatoka na kikopo kitupu, akanishikisha mkononi, akaelekea getini bila kusema neno, na siku mbili hatukuongea. Ilichukua miezi 14 kukubali tena. Watu wanasema wanaume wa huku wabishi hawataki kupima, jamani, yule mwanaume alishakubali kupima, kilichomshinda ni kile choo.

Alipokuja kupima (tulienda maabara ya kulipia yenye chumba) akakutwa na mbegu milioni 4 kwa mililita, wakati kiwango cha chini wanachotumia cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni milioni 16. Akakutwa na mishipa iliyovimba kwenye korodani, wenyewe wanaita varikosili, akafanyiwa upasuaji, tukaambiwa tusubiri miezi mitatu ndio tupime tena kwa sababu mbegu mpya zinachukua karibu siku 70 na zaidi kukomaa. Zikapanda mpaka milioni 11. Na mimi picha ya mirija ikaonyesha wa kulia umeziba, wa kushoto uko wazi. Daktari aliyetusomea akaniangalia akasema mama, mngekuja hivi ukiwa na miaka 30 ningekuwa na vitu vingi vya kujaribu. Mayai yalikuwa yameshapungua sana. Sijapata mtoto na sikuandika hapa ili nionewe huruma, nimeandika kwa sababu wewe una 32.

Mdau wa malaria sasa. WHO wanauhesabu ugumba kama ugonjwa wa mfumo wa uzazi, wa mwanaume au mwanamke, mimba isipopatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Ripoti yao ya 2023 inasema karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anakutana nao maishani mwake, na nchi maskini hazipishani sana na tajiri. Tena huku kwetu mirija mingi inaziba kwa sababu ya klamidia na kisonono ambazo hazikutibiwa vizuri, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka, kwa hiyo mtu anaumizwa na huduma mbovu za mwanzo halafu akija kutafuta mtoto anaambiwa hilo sio kipaumbele. Na angalia hili, nikienda zahanati leo kutaka vidonge, sindano au kijiti napewa bure, na ni jambo zuri sana, nalitetea. Ila mwenzangu anayetafuta hiyo mimba kwenye jengo hilo hilo analipia kuanzia kipimo cha kwanza. Uzazi wa mpango si ni pamoja na kupanga kuzaa?

Kuna mwingine kasema duniani kote watu wanajilipia. Sio kweli. Ufaransa bima yao ya umma inalipia IVF mara 4 mpaka mwanamke afikishe miaka 43. Uingereza mwongozo wao unapendekeza mizunguko 3 kwa mwanamke wa chini ya miaka 40, ingawa maeneo mengi wanabana wanatoa pungufu na wagonjwa wa kule wanapiga kelele kila mwaka. Najua sisi sio Ufaransa, na mimi siombi IVF kila zahanati.

Kuhusu Dar yenyewe dada, usiende kwa presha. Upandikizaji upo hospitali binafsi na Muhimbili nao wameanzisha. Lakini hesabu yako isiishie kwenye bei ya hospitali. Treni ya umeme ya SGR toka Dodoma mpaka Dar, ilipoanza 2024 daraja la kawaida ilikuwa 31,000 kwenda tu. Sindano za kukuza mayai unachoma kama siku 10 hadi 12, nyingine zinatakiwa zikae kwenye friji, na kila baada ya siku chache unaangaliwa kwa ultrasaundi, kwa hiyo wewe wa Kibaigwa unazungumzia wiki mbili tatu za kulala Dar, na kazi yako imesimama, na mume karudi kazini. Na ikikataa mara ya kwanza, maana hakuna anayekuhakikishia, unaanza tena. Ndio maana sisi huku katikati tunadai vipimo vyote vya maandalizi na ufuatiliaji vifanyike hapa hapa Dodoma, mtu aende Dar kwa zile siku za kutolewa mayai na kurudishiwa tu.

Nasema sisi kwa sababu tuko kundi. Tulianza wanawake sita wa benchi moja la kliniki, sasa tuko 19 na wanaume wanne. Barua yetu ya kwanza tuliomba Dodoma iletewe IVF, tukaandika kurasa tatu, haikujibiwa mpaka leo. Barua ya pili nikasema jamani tuombe chumba tu, cha wanaume kutolea sampuli. Tukaandika nusu ukurasa, tukataja kwamba kati ya waume zetu, wanane wametoka pale maabara na kikopo kitupu, na tarehe tukaziweka, tukapeleka kwa mganga mfawidhi na nakala kwa kamati ya usimamizi ya kituo, ile yenye wawakilishi wa wananchi (wengi hamjui kama ipo, ulizeni kwenu, ipo). Mwezi wa pili tukaitwa. Wakatupa kistoo kilichokuwa kinawekwa maboksi ya glavu, mwisho wa korido. Tukakisafisha wenyewe, tukachangishana 85,000 za kiti, pazia na ndoo ya maji. Haikupaswa kutoka mfukoni kwetu na tuliwaambia hivyo mbele ya kamati, ila tulikuwa tumechoka kusubiri. Komeo la mlango kalitengeneza mume wangu. Alikuja Jumamosi na mashine yake akalichomelea, kafunga, kafungua, kafunga tena, kama mara kumi, mpaka nikatoka nje nikamwacha peke yake.

Baada ya chumba tukadai siku ya wenza, ikawa Alhamisi, mnakuja wawili, faili zenu zinakaa pamoja na daktari mmoja anawafuatilia. Hii haikuhitaji hata shilingi, ilihitaji mtu akubali tu. Wenzetu wanne wameshazaa bila IVF, wawili kati yao kwa vidonge tu vya kupevusha mayai kwa sababu shida ilikuwa hapo tu na hakuna aliyekuwa ameiangalia.

Kwenye bima bado tunapigana. Mimi dirishani walisoma neno ugumba kwenye fomu wakanirudishia, lipia cash mama. Kosa langu niliondoka. Siku hizi tunaambiana, ukikataliwa omba waandike kwamba wamekataa na sababu, kwa upole tu lakini usiondoke bila karatasi. Tunazo saba kwenye bahasha ya kaki. Kitu kinachoniuma mpaka leo, muswada wa Bima ya Afya kwa Wote kamati ya Bunge ilipokea maoni ya wadau hapa hapa Dodoma, mimi niko sokoni kwangu napima mchele, naweza hata kwenda na bodaboda, na sikujua kama mtu kama mimi anaruhusiwa kwenda kusema. Bunge likapitisha Novemba 2, 2023. Sheria imeshapita lakini kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, kinaweza kupitiwa tena, na safari ijayo tutakuwepo na bahasha yetu.

Sasa wewe. Hizo dawa za chango weka pembeni kwanza. Nunua daftari, andika tarehe za hedhi zako na kila kipimo ulichofanya, majibu yote omba nakala, ni yako. Ukifika kwa daktari usiulize "nitapona lini", muulize mayai yangu yanapevuka? mirija iko wazi? mbegu za mwenzangu zikoje? na usikubali dawa nyingine yoyote ya miezi sita mpaka hayo yamejibiwa. Picha ya mirija inafanyika hedhi ikishaisha na kabla yai halijatoka, inauma kidogo kama hedhi kali, omba ushauri wa dawa ya maumivu umeze mapema, na ukihisi una mimba sema. Mumeo akae bila tendo siku 2 hadi 7 kabla ya kutoa sampuli ya mbegu, zisipungue zisizidi. Asitoe sampuli nyumbani Kibaigwa, inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja na nyie mko mbali, atoe pale pale. Asitumie sabuni wala mate wala mafuta. Majibu yakiwa mabaya msikate tamaa, yanarudiwa.

Jinsi ya kumwambia mumeo hilo unalijua wewe, ila mimi nilichogundua usimwambie "na wewe ukapimwe" mbele ya mtu. Mwambie twende wote tukasomewe. Kama ana wasiwasi, mume wangu kasema yuko tayari kuongea naye, njoo inbox nikupe hospitali gani na namba yake.

Alhamisi mfike kabla ya saa 2 asubuhi, foleni inakuwa ndefu. Ufunguo wa chumba anao muuguzi wa zamu. Shemeji hana haja ya kueleza kitu mbele za watu, aseme tu amekuja kwa chumba cha mwisho wa korido, atapewa.